Tulivyogawana Roma

Kabla sijawaona, niliwasikia wakipiga makofi. Yalikuwa makofi ya kwetu Ufipa, ya viganja vilivyokunjwa kidogo, ya taratibu, ya mtu aliyechutama uani akisubiri aitikiwe. Lakini hayakuwa ya mtu mmoja. Nilikuwa jikoni, nyuma ya nyumba yetu ya Katandala, nimeinama napuliza kuni mbichi, macho yamejaa moshi, na nilichosikia ni viganja vingi vikilia pamoja kama mvua inayoanza juu ya bati. Nikajua Baba amekufa.

Sikuwa na jambo jingine la kuwaza. Wanawake wengi hawaji kwa mtu jioni, wote kwa pamoja na wamenyamaza, isipokuwa wameleta msiba. Mara ya mwisho kusikia makofi ya namna ile, walikuja kumwambia jirani yetu kwamba lori lililombeba mwanawe limepinduka njia ya Laela. Kwa hiyo sikugeuka. Nilibaki nimeshikilia kipande cha kuni, nikingoja sauti ya Mama ipasuke.

Badala yake nikasikia kicheko. Kilikuwa cha Mama Orsolina, mwenyekiti wa akina mama wa parokia, muuza mitumba sokoni, na hakikuwa na mwenzake mjini kote: kilianza chini kama mashine ya kusaga inayowashwa, kikakohoa, kikakwama, halafu kikashika.

"Umechaguliwa, Mama Yusta! Unakwenda Roma!"

Nilijifuta macho kwa ukosi wa gauni. Walikuwa wamejaa uani na vitenge vyao vya sare, na Mama alikuwa katikati yao ameziba mdomo kwa mikono miwili, kama mtu anayezuia kitu kisitoke. Wale wageni wa parokia rafiki, waliokuja kutoka Italia kiangazi kilichopita, walikuwa hawajamsahau. Walimsikia akianzisha nyimbo kanisani, wakavishika vitambaa vya altare alivyodarizi, na sasa walikuwa wameandika kwamba wanamwalika mama mmoja, na mama huyo awe yeye. Angesafiri na padre wetu mzee. Angeonyeshwa mji.

"Kuna semina?" Mama aliuliza.

"Hakuna semina."

"Kuna mafunzo ya ushonaji?"

"Mwanamke, hakuna kitu! Unakwenda kutembea. Unaona mji, unakula, unalala, unarudi. Wiki moja tu."

Hapo ndipo nilipoanza kulia, na wote wakasema ni moshi.

Baba alikuwa mtunza ghala wa ushirika. Nakumbuka funguo zake kiunoni na vumbi la mahindi kwenye nyusi, lililomfanya aonekane mzee kila jioni na kijana kila asubuhi. Kisha nchi ikafunguliwa, ndivyo watu wazima walivyosema, na wenye malori kutoka mbali wakaanza kununua mahindi hukohuko mashambani. Ghala likabaki na panya. Sokoni vikajaa vitu ambavyo hatukuwahi kuviona, na Baba akawa anakaa kibarazani akivitazama vikipita vichwani mwa watu. Siku moja alivaa koti lake, akanishika kichwa, akasema anakwenda Mpanda, kwenye machimbo ya dhahabu, akaone hali ikoje. "Wiki moja tu," alisema. Ulezi ulikuwa haujapandwa. Ulipandwa, ukapaliliwa, ukavunwa, ukasagwa, ukanywewa, na Baba hakuwa amerudi.

Kwa hiyo kichwani mwangu wiki moja haikuwa Jumatatu mpaka Jumapili. Lilikuwa jina la mahali watu wanakokwenda wakishakushika kichwa.

Bibi, mama yake Baba, aliishi nasi. Kila jioni alimtengea mwanawe chakula, akakifunika kwa kawa, akakiweka kwenye kona isiyopitiwa na paka. Asubuhi kiporo kile nilipewa mimi. Nilikula chakula cha Baba msimu mzima, na nadhani ndiyo sababu sikuwahi kumsahau hata siku moja. Nilishiba nafasi yake.

Jumapili iliyofuata walikuja kugawana Roma.

Padre alikuwa amempa Mama kalenda ya zamani ya misheni, ya mwaka uliokwisha kitambo, yenye picha ya mahali pamoja pa mji ule kwa kila mwezi. Mama aliitandaza juu ya mkeka sebuleni, na wanawake wakaizunguka kama wanaochagua mbegu. Kwetu, siku ya kulima kwa pamoja, kila mtu hupewa kipande chake cha shamba ainue matuta ya mviringo, anayemaliza anamsaidia wa jirani, halafu pombe ya ulezi inaletwa. Mama Orsolina akasema Roma nayo ni shamba. Si haki mtu mmoja akalione lote kwa faida yake. Kila mmoja achague kipande chake, Mama akifike kwa niaba yake, akiguse kwa mkono wa kulia, na akirudi amshike mwenye kipande mkono kabla ya kunawa. Tulifanya hivyo kwa waliotoka hija, haikuwa ajabu. Ajabu ilikuwa kwamba mkono mmoja ungebeba mji mzima.

"Januari ni kanisa kuu la Mtakatifu Petro," Mama Orsolina alitangaza. "Hiyo ni ya mwenyekiti."

"Mwenyekiti gani anajigawia paja?" mmoja akasema.

"Mwenyekiti aliyeanza kupiga makofi wakati nyinyi mnaona haya."

Mwezi wa Machi ulikuwa na jumba kubwa la mviringo, lililobomoka upande mmoja, madirisha matupu kama meno yaliyong'oka. Walilitazama kwa muda.

"Mji tajiri hivi, gofu kama hili wanaliacha katikati?"

"Labda ndugu wanagombania urithi."

"Basi hilo nipe mimi," alisema mama mmoja mjane, ambaye shemeji zake walikuwa wamemnyang'anya nyumba. Walicheka, naye akacheka, halafu akasema tena, safari hii bila kucheka, "Kweli, Mama Yusta. Liguse hilo kwa ajili yangu."

Mama Shija, Msukuma aliyetuletea maziwa kutoka upande wa Milanzi, alikuwa amesimama mlangoni na debe lake. Hakuwa wa kanisa letu, lakini hakuna aliyemwambia aondoke.

"Makanisa gawaneni wenyewe," alisema. "Mimi uniangalizie ng'ombe wao. Nataka kujua kama wana nundu."

"Kwenye picha hakuna ng'ombe, Mama Shija."

"Mji gani hauna ng'ombe? Watoto wao wanakunywa nini?"

Mama alikuwa akipanga siku. Alipitisha kidole kwenye kurasa na kuhesabu njia kama anayekwenda kusalimia nyumba kwa nyumba. Januari na Februari ni majirani, alisema, atazimaliza asubuhi moja kabla jua halijawa kali. Machi na Aprili baada ya kula. Desemba iko mbali kabisa, mwisho wa kalenda; huko atahitaji siku nzima na chupa ya maji. Hakuna aliyebisha. Sote tuliamini kwamba mji umepangwa kama miezi, na kwamba mtu akitoka Juni akanyoosha mbele, lazima aikute Julai.

Julai lilikuwa bwawa lenye sanamu za farasi na maji yanayoporomoka. Mama Orsolina alikuwa ameelezwa na padre: watu huligeuzia mgongo bwawa lile, wakatupa sarafu, na anayetupa lazima siku moja arudi Roma.

"Na anayetaka kurudi Katandala anatupa nini?" niliuliza.

Wanawake waliangua kicheko. Mama hakucheka. Alinivuta karibu, akanibandika kidevu chake kichwani. "Na wewe, Yusta, nikuangalizie nini? Miezi imebaki. Chagua."

"Sitaki."

"Hutaki hata mmoja?"

"Sitaki Roma."

"Mwacheni," alisema Bibi kutoka kwenye kigoda chake. Alikuwa akichambua maharage na hakuinua uso. "Mtoto ameona."

Bibi hakuwa mtu mbaya. Nasema hivi kwa sababu katika hadithi za watoto mama mkwe huwa mbaya, nami kwa miaka mingi nilimsimulia hivyo. Alikuwa tu hajawahi kuona mtu akisafiri ili aone. Watu husafiri kuuguza, kuzika, kuozesha, kuuza, kununua. Yeye mwenyewe alishuka ziwani Kabwe mara moja katika maisha yake, kufuata samaki wa harusi, na aliposimulia safari ile alisimulia samaki, hakulisimulia ziwa.

"Nani anaumwa huko?" alimuuliza Mama jioni ile, wageni walipoondoka.

"Hakuna anayeumwa, mama."

"Nani amekufa?"

"Hakuna."

"Sasa unakwenda kufanya nini?"

"Kuangalia."

Bibi aliliweka neno lile mdomoni kama anayeonja chumvi. "Mwanangu akirudi akute nyumba haina mtu, nitamwambia mke wako amekwenda kuangalia?" Mama aliinuka kuchukua karai. "Mwanamke aliyeachiwa nyumba ni jiwe la kusagia, mkwe wangu. Jiwe halitembei."

"Jiwe la kusagia nalo huisha, mama. Linasagwa na ule unga."

Hakumjibu hivyo kwa ukali. Alisema huku akimwekea mkwewe maji ya moto ya kunawa miguu, akayajaribu kwanza kwa kiwiko chake.

Siku zile Mama alibadilika, na mimi nilimchukia kidogo kwa kubadilika kwake. Alitembea kwa haraka zaidi. Mama Orsolina alimchagulia viatu kwenye marundo yake ya mitumba, viatu vya ngozi vya visigino vifupi, na Mama akawa anavivaa kila alasiri na kuzunguka uani ili vizoee miguu yake, mbele ya kuku. Alikausha migebuka, samaki wa ziwani, akasaga ulezi, akaufunga kwenye vifuko, kwa sababu huwezi kuingia nyumba ya watu mikono mitupu, iwe Roma au Laela. Aliuliza watu wote kama Roma kuna baridi, na walipomwambia ndiyo, alicheka: sisi watu wa nyanda hizi za juu, Juni inatupiga tangu tuzaliwe, baridi gani ya kututisha? Na aliimba. Zilikuwa nyimbo zilezile za kanisa, lakini alizishusha sauti mpaka zikawa zake.

Leo, nikiwa na umri aliokuwa nao wakati ule, naelewa kwamba nilikuwa namwona kwa mara ya kwanza. Mtu anayepanga siku zake huwa na uso. Mama niliyemzoea alipanga siku za wengine: za kupanda, za ada, za Bibi kuumwa mgongo. Uso ule mpya sikuujua, na kitu nisichokijua nilikiita kuondoka. Kila usiku nilipiga magoti, nikaomba Baba arudi. Hesabu yangu ilikuwa rahisi. Baba akirudi, Mama atabaki, chakula cha kwenye kona kitaliwa na mwenyewe.

Na Baba akarudi.

Alikuja mchana, siku ya kuamkia safari, akiwa na redio begani, koti jipya la jinzi na mkate mzima chini ya kwapa. Bibi alipiga vigelegele mpaka sauti ikakatika, akakaa chini palepale kwenye vumbi. Baba aliniinua juu. Alinukia sabuni nisiyoijua. Nilimshika masikio yote mawili ili nione kama ni yeye, akacheka, na lilikuwa cheko lake.

Mama alitoka jikoni akamsalimia kwa kuchutama. Alipoinuka, nilimwona akitazama koti, redio, na viatu vyake vya kung'aa visivyo na tope la machimbo.

"Huko Mpanda watu wanasema mke wangu anakwenda Ulaya," Baba alisema akitabasamu. "Nikasema ngoja nirudi, nami nimwone huyo mke."

Alikula mkate wake mwenyewe, akatugawia sisi vipande. Aliiwasha redio, ikajaza nyumba. Nilikaa kwenye goti lake na nikawaza kwamba maombi ni kitu chepesi sana, ajabu watu hawayatumii zaidi.

Jua lilipokuwa linazama akina mama walikuja, kama walivyoahidiana, kumwombea msafiri na kumkumbusha vipande vyao. Walimkuta Baba kwenye kiti.

"Karibu nyumbani, shemeji!" alisema Mama Orsolina. "Umekuja wakati wake. Kesho asubuhi gari la misheni linamchukua mkeo."

"Nimesikia." Baba alipunguza redio. "Atafikia kwa nani?"

"Kwa wageni wetu, wale wa parokia."

"Mnawajua?"

"Tumekula nao, shemeji. Walisaga ulezi na sisi, mmoja akajisaga kidole."

Walicheka. Baba naye alicheka, akangoja wamalize. "Chagueni mwingine," alisema. "Mimi nimesharudi. Mke wangu ana kazi nyumbani."

"Pasipoti ina picha yake. Tiketi ina jina lake. Mwingine hayupo."

"Basi asiende mtu. Roma haitakimbia."

Mama alikuwa amesimama karibu na ukuta, mikono nyuma. Mama Orsolina aliinama mbele, akapiga makofi mawili madogo ya kuomba, akashusha sauti ile ya mashine mpaka ikawa ya mtoto. "Shemeji. Ni wiki moja tu."

Baba alitabasamu na kutikisa kichwa. "Wiki moja mimi naijua," alisema.

Alilisema kama utani wa watu wazima, akitazama huku na huku apate wa kucheka naye. Hakuna aliyecheka. Redio ilikuwa ikisema jambo fulani kwa sauti ndogo. Bibi alikuwa ameshika kawa, anafunika sufuria, na mkono wake ulibaki hewani.

Mimi nilikuwa kwenye goti lake. Mpaka wakati ule nilimfikiria Baba kama mtu aliyepotezwa: na njia, na mvua, na mashimo ya dhahabu, na wiki yenyewe iliyomnasa kama mtego na kumkatalia kutoka. Nilikuwa nimemwombea kama wanavyoombewa mateka. Kumbe alijua. Siku ile aliponishika kichwa, alijua ukubwa wa wiki aliyokuwa akiingia. Sikuweza kuyasema hayo kwa maneno. Nilichofanya ni kuteremka kutoka gotini, nikaenda kusimama ukutani, karibu na Mama, na nikakuta mkono wake nyuma ya mgongo wake ni wa baridi kama chuma.

Akina mama waliondoka bila kusali. Mama Shija, aliyekuwa mlangoni kama kawaida, ndiye pekee aliyesema kitu. "Maziwa ya kesho nilete ya watu wangapi?" aliuliza.

Kulipopambazuka niliamka na kumkuta Mama ameshavaa. Alikuwa amekoroga uji, ameumimina kwenye vikombe vyetu vyote, cha Baba pia, na kuvifunika kwa visahani. Begi lilikuwa kando ya miguu yake. Baba alikuwa amekaa kitandani, mlango wa chumba wazi, na alizungumza bila kupandisha sauti.

"Ukitoka, usirudi kwangu."

"Nimekusikia, baba Yusta."

"Mimi sitanii."

"Najua hutanii. Jana ndiyo ulikuwa unatania."

Kisha alichuchumaa mbele yangu. Nilikuwa nimejiandaa aseme lile neno. Lakini Mama hakunishika kichwa, wala hakutaja wiki. Alinishika mabega.

"Sikiliza njia," alisema. "Nikitoka Roma, ndege mpaka Dar es Salaam. Dar es Salaam, basi mpaka Mbeya. Mbeya, Tunduma. Tunduma, Laela. Laela, hapa. Rudia."

Nilirudia. Nilikosea Tunduma, akanisahihisha, nikarudia tena mpaka nikafika hapa. Nje gari la misheni lilikuwa linaunguruma mwisho wa mtaa, likimngoja asubuhi ile ya ukungu. Mama aliinuka, akabeba begi.

Baba naye aliinuka. Nilisikia kitanda kikiachia uzito wake, kisha miguu yake mitupu sakafuni ikija sebuleni, haraka. Bibi alikuwa ameshasimama kati yao. Sijui alitoka wapi. Alikuwa mtu wa kuinuka kwa vipande vipande, kwa kushika ukuta na kumtaja Mungu, lakini asubuhi ile alikuwa tu amesimama.

"Mama, pisha," Baba alisema.

"Mwanangu," alisema Bibi, "jana nilikusikia."

Mama alipita nyuma yake na viatu vyake vya ngozi, akatoka kwenye ukungu. Bibi aliusukuma mlango ukafungika, akashusha komeo, akageuka, akaegemeza mgongo wake mbovu kwenye mbao, akamtazama mwanawe.